Kakangu Aliomba Kiti cha Angani

Kakangu alikuja ofisini kwangu siku ya Jumatatu kabla ya adhuhuri, na hilo peke yake lilinitia hofu. Kwa miaka yote niliyofanya kazi kwa wakala wa kupitisha mizigo bandarini, nikipiga chapa hati na kujibu simu, alikuwa amezipanda ngazi zile mara mbili tu. Mara ya kwanza alikuja kutengeneza kiyoyozi, na mara ya pili alikuja kuniambia baba amefariki. Nilipomwona mlangoni nikasimama. Nilidhani ni habari ya mama.

"Keti," akaniambia. "Hakuna aliyekufa. Nataka usome kitu."

Akanipa simu yake. Lilikuwa tangazo la kampuni moja ya ng'ambo inayopeleka matajiri angani. Ilisema sasa itachagua watu wachache wa kawaida kutoka kila bara, wasiokuwa wanasayansi wala wenye mali, iwapeleke bila malipo. Safari yenyewe ilikuwa ya dakika chache: kupanda, kuelea, kuitazama dunia kupitia dirisha, kushuka. Aliyetaka ajaze fomu kwa Kiingereza, atume video fupi ya kujieleza, kisha alete barua ya daktari.

Wakati huo kakangu alikuwa na umri wa miaka arubaini na mitatu. Alikuwa fundi wa mafriji. Duka lake lilikuwa Kuze, katika Mji wa Kale, chumba kimoja chini ya nyumba ya ghorofa, kimejaa mabomba ya shaba na kompresa kuukuu, na ndani mlikuwa na harufu ya mafuta na chuma kilichochomwa. Kiingereza alikisoma vizuri lakini aliona haya kukiandika. Ndiyo sababu akanijia mimi.

Nilisoma, nikamrudishia simu, nikamwambia hawa ni watu wanaokusanya habari za wenzao tu. Akasema ameshachunguza, kampuni ipo kweli na imekwisha kupeleka watu wakarudi. Nikamwambia nina kazi. Akasema atangoja. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mikono juu ya magoti, akangoja mpaka saa ya chakula.

Jambo la anga halikuanza siku ile. Marehemu baba yetu alikuwa dereva wa lori, na zamani alikuwa akipeleka bidhaa mpaka Ngomeni, kaskazini ya Malindi, mahali ambapo Wataliano walirusha roketi kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini. Safari moja alimchukua kakangu, naye bado hajafika miaka minane. Hawakuona roketi yoyote. Waliona jukwaa tu kwa mbali, miguu yake imezama majini, na baba akamweleza kwamba kutoka pale vitu vilikuwa vimepanda hata vikatoka nje ya dunia. Kakangu akauliza ni akina nani waliokuwa ndani. Baba akamwambia hamkuwa na mtu, ni mitambo mitupu. Aliporudi nyumbani alilirejea swali lile kwa siku nyingi, mpaka mama akamkataza. Ikiwa njia ipo, tena ipo pwani kwetu, mbona hakuna mtu wa kwetu aliyepita?

Alipokuwa mtu mzima swali lilibadilika likawa hoja. Kila Ijumaa baada ya swala tulikula kwa mama, Kibokoni: mimi, kakangu, mkewe na binti yao wa miaka tisa. Pilau ikishaliwa na sahani zikiwa bado chini, yeye huanza. Atasema babu yake mama alikwenda kuhiji kwa meli, akachukua miezi, na jamaa walimuaga kama wanaomzika. Mama mwenyewe alikwenda Umra kwa ndege, akala chakula juu ya mawingu, akarudi akilalamika kwamba chai ilikuwa baridi. Zamani ndege ilikuwa ya mabwana wakubwa, na leo muuza nguo wa Kongowea yuwapanda kwenda Dubai kuchukua mali na kurudi. Basi na anga itakuwa vivyo hivyo. Bei itashuka. Itaanza na wenye nacho, kisha walimu, kisha mafundi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpinga. Nilimwambia ndege zilishuka bei kwa sababu watu wana pa kwenda. Huko juu hapana duka, hapana jamaa, hapana kaburi la kuzuru. Nani atatoa nauli? Na kiti kimoja, kwa bei wanayouziwa wale matajiri, ni kama kununua mtaa wetu mzima pamoja na msikiti. Mkewe alikuwa akicheka tu, akisema kabla mume wake hajatoka duniani amletee kwanza gesi ya kupikia. Mama alitaka kujua mtu akiwa huko ataelekea wapi akitaka kuswali.

Ijumaa moja nilimwambia kwa ukali kidogo kwamba hata bei ikishuka, haitakuwa wakati wetu.

"Basi wakati wa nani?" akauliza. Kisha akasema polepole, kama anayemweleza mteja, "Mimi sitaki kwenda mahali. Nataka nitoke nje mara moja tu, nitazame, nirudi kazini."

Mama akaanza kukusanya sahani.

Kwa hiyo siku ile ya Jumatatu nilijua kwamba nisipomjazia fomu atakwenda kumlipa mtu wa saibaka, duka la intaneti, amjazie vibaya. Saa ya chakula nikafunga mlango tukaanza. Walipouliza kwa nini achaguliwe yeye, aliniambia niandike kwamba ametengeneza vitu vya baridi kwenye mji wa joto kwa zaidi ya miaka ishirini, kwamba anajua gesi, na kwamba kitu kikiharibika yeye hutulia. Niliandika hivyo hivyo. Niliona ni maneno mazuri na sikuyagusa.

Kisha ukaja ukurasa wa afya. Je, umewahi kuishiwa na pumzi bila sababu? Je, umewahi kuumwa na kifua? Je, umewahi kuzimia, au kukaribia kuzimia, ukifanya kazi nzito?

"Hapana," akasema. "Hapana. Hapana." Alikuwa akitazama dirishani.

Nami nilikuwa najua. Nyumba za Mji wa Kale zina ngazi nyembamba zilizosimama wima, na kazi yake ilikuwa kupandisha na kushusha mafriji kwenye ngazi hizo. Mwezi mmoja kabla ya siku ile nilimkuta amekaa kwenye kidato cha tatu cha ngazi nyumbani kwa mama, uso umepauka, jasho limemjaa shingoni. Nilipomuuliza alisema anafunga kiatu. Alikuwa amevaa kandambili. Niliona, nikapita, nikaingia jikoni. Na pale ofisini, kidole changu kikiwa juu ya kibonyezo, niliikumbuka siku hiyo, nikaandika hapana mara tatu. Nilijiambia hawa hawatamchagua, basi kuna ubaya gani.

Barua ya daktari hakuileta. Alisema amekwenda kliniki na daktari yuko likizoni, ataiandika akirudi. Fomu iliruhusu barua ifuate baadaye, kwa hiyo tukaituma bila hiyo. Video aliipiga mwenyewe dukani, kwa Kiswahili, mimi nikaandika tafsiri yake.

Baada ya miezi mitatu wakajibu. Alikuwa amepita hatua ya kwanza.

Sijui habari zilitoka vipi, maana yeye aliniambia mimi na mkewe tu, lakini kufika alasiri Kuze nzima ilikuwa inajua. Watu wa baraza ya jirani walimpokea kwa mzaha mkubwa. Mmoja alimwagiza amletee kipande cha mwezi akifanye jiwe la kusugulia miguu. Mzee mmoja alimuuliza kwa dhati kabisa kama mtu akifa huko yuwazikwa vipi. Watoto wa madrasa walikuwa wakipita mbele ya duka makusudi wamtazame. Naye alicheka na kila mtu, lakini nilimwona amenyooka mgongo, anatembea kama mtu aliyevishwa kanzu mpya. Hata mimi niliingiwa na jambo ambalo sikulitaka. Nilianza kuamini. Nilijikuta kwenye kiti changu ofisini, mizigo ya watu mbele yangu, nikimuwazia anaelea.

Hatua ya pili ilitaka vipimo kamili, na zaidi ya vyote picha ya moyo. Walimpa muda. Akaniambia atakwenda baada ya Ramadhani.

Ramadhani ilipoingia tulikuwa tukienda Marikiti pamoja, mimi na yeye, kununua vya futari, maana mwezi ule sote tulifuturu kwa mama. Alipenda kuchagua mhogo mwenyewe. Siku moja, mfungo wa kumi na nne au wa kumi na tano, tulikuwa tumeshanunua mhogo, ndizi na nazi, na kikapu kilikuwa yeye amekichukua. Akasimama penye wauza ndizi, akakiweka kikapu chini. Nilidhani anataka kuongeza. Kisha nikaona midomo yake, rangi yake. Nikamwita mchukuzi akachukua kikapu, nikamshika kakangu mkono, tukaenda kukaa kwenye ukingo wa duka lililofungwa.

Akanieleza hapo hapo, watu wakitupita na mikokoteni. Daktari hakuwa likizoni. Alimpima siku ile ile ya kwanza, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu sana, akampeleka kupigwa picha. Kilango kimoja cha moyo, kile kinachoruhusu damu itoke kwenda mwilini, kimekuwa kigumu na chembamba. Kimeharibika tangu utotoni. Dawa ni kupasuliwa kiwekwe kingine. Daktari alimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa ya Nairobi, ambako foleni ni ndefu, na akamkataza kubeba kitu kizito na kufunga.

"Na barua umeipeleka?" nikamuuliza.

"Bado."

Nilimuuliza kwa nini. Akasema akiipeleka ile barua, habari ya anga imekwisha, maana hakuna atakayempandisha mtu mwenye moyo ulioshonwa. Alitaka kwanza ajue kama wangemchagua. Kuchaguliwa tu kungemtosha, hata asipokwenda. Halafu angejitoa mwenyewe, aende Nairobi.

Nilimkasirikia sana. Nilimwambia nakwenda kumwambia mkewe sasa hivi, na mama, na yeye atafungua saumu leo leo. Akanishika kiganja.

"Ngoja mpaka Idi," akasema. "Usimharibie mama Ramadhani yake. Baada ya Idi nitasema mwenyewe, na barua nitaipeleka. Naapa."

Nikangoja. Yako mambo mengi maishani mwangu ambayo nikiulizwa kwa nini nilifanya naweza kujibu. Hili siwezi. Nilimwona mama anavyofurahi jioni watoto wake wote wamezunguka sinia moja, nikajiambia ni siku chache tu. Kila siku nilimpigia simu asubuhi na adhuhuri. Alinihakikishia kwamba hafungi tena, anakunywa maji dukani kwa siri, na kwamba kazi nzito amewaachia wengine. Nusu ya hayo hayakuwa kweli.

Siku nne kabla ya Idi, karibu na alasiri, mama mmoja wa Kibokoni alimwita. Friza lake lilikuwa limekufa na lilikuwa limejaa nyama ya sikukuu. Kakangu alikwenda, akaliona, akaamua kulishusha alipeleke dukani. Alikuwa na mwenzake mmoja chini ya ngazi, yeye yuko juu. Yule mwenzake alitueleza kwamba hakupiga kelele. Alisema tu, "Ngoja kidogo," akaliegemeza friza ukutani vizuri lisije likamwangukia aliye chini, kisha akakaa. Walipomfikisha hospitali, daktari alisema alikuwa ameshatoka.

Tulimzika kesho yake asubuhi.

Barua aliiona mkewe. Ingawa alikuwa edani, alitoka siku ya pili kwenda dukani kutafuta kitambulisho cha marehemu kilichohitajiwa, akaikuta kwenye droo chini ya vifaa, ndani ya bahasha ya kliniki, na tarehe yake ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Wakati ule nyumba ilikuwa imejaa wanawake waliokuja kutupa mkono wa pole. Aliingia nayo, akapita katikati yao mpaka nilipokaa, akainama. Hakunyanyua sauti.

"Ulijua?"

Ningeweza kusema sikujua. Hapakuwa na mtu mwengine aliyejua kwamba najua.

"Nilijua," nikamwambia.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki mbili."

Akaikunja ile barua vipande vinne. "Wiki mbili ningemfungia mlango," akasema. "Ningelala kizingitini."

Akaenda zake chumba cha ndani. Tangu siku hiyo alinisalimia kwa sababu salamu ni wajibu, akaniitikia nikimwita, na hakuniambia neno jengine.

Baada ya arubaini nilikwenda kwa yule daktari wa kliniki, nikitaka aniambie kwamba hata angewahi asingepona. Hakuniambia hivyo. Alinieleza kwa upole kwamba ugonjwa ule mara nyingi huanza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa sawasawa. Koo linapona, lakini moyo unabaki na kovu, na kovu linakaza mwaka hata mwaka. Nilikosea nikamweleza mama. Akasema alimpa maji ya chumvi na ndimu, akamsugua shingo kwa mafuta ya moto, na siku ya tatu mtoto alikuwa akicheza. Alisema hivyo siku hiyo, na kesho yake, na mpaka leo husema hivyo akiwa peke yake anapodhani hakuna anayemsikia. "Siku ya tatu alikuwa akicheza."

Ile kampuni ilikuwa bado inaleta barua pepe, na zote zilikuja kwangu kwa sababu ni anwani yangu tuliyoitumia. Walimkumbusha vipimo vya moyo. Wakamkumbusha tena. Nikawaandikia kwamba mwombaji amefariki dunia, nikataja na ugonjwa, nikataka radhi kwa niliyoyaandika kwenye ukurasa wa afya. Jibu lilikuja papo hapo, la mashine, likishukuru kwa kuwa na hamu na safari zao. Baada ya wiki kadhaa ikaja nyingine, iliyotumwa kwa waombaji wote: mpango wa watu wa kawaida umeahirishwa, wala hawakusema mpaka lini, lakini kila aliyepita hatua ya kwanza atapunguziwa bei akitaka kununua kiti. Niliisoma ofisini. Nikacheka, kicheko kibaya, mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuniuliza kama ni mzima.

Watu huniuliza, hasa wale wa baraza, kama nadhani iko siku mtu kama yeye atakwenda. Zamani nilikuwa na jibu. Sasa nadhani huenda kakangu alisema kweli kuhusu bei. Vitu hushuka bei. Lakini tulikuwa tukibishana kuhusu nauli, mimi na yeye, Ijumaa baada ya Ijumaa, na nauli haikuwa ndiyo iliyomzuia. Nauli walikuwa tayari kumlipia. Kilichomzuia ni koo lililovimba kwenye nyumba ambayo daktari alikuwa mbali na ndimu ziko jikoni. Nikiona kwenye simu wale wanaopanda, wakipunga mkono kwa mavazi yao, ninachotazama ni vifua. Najua wamesikilizwa, na tena wamesikilizwa tangu wakiwa watoto. Hilo ndilo sijui litashuka bei lini hapa kwetu.

Mwezi wa tano au wa sita baada ya msiba, asubuhi ya siku ya kazi, nilisikia hodi. Alikuwa wifi yangu, na binti yake kasimama nyuma yake amejifunga mtandio shingoni. Hakukubali kuingia.

"Koo lamuuma tangu jana," akasema. "Ana homa. Sijui nimwambie nini daktari. Wewe wajua maneno yao."

Nikapiga simu ofisini kwamba siji, nikavaa buibui. Hospitalini tulikaa kwenye foleni saa nyingi, mtoto katikati yetu, akilala mara kwenye bega lake mara kwenye bega langu. Tulipoingia nilimweleza daktari yote, ya baba yake mtoto na ya mafindofindo. Akamtazama kooni kwa taa, kisha akaweka kipimo kifuani, akafumba macho. Wifi aliacha kupumua. Niliuona mtandio wake umetulia tuli. Daktari akasogeza kipimo, akasikiliza mgongoni, akarudi tena mbele.

Akasema moyo haujaguswa. Akasema atachomwa sindano leo, na kila koo likiuma aletwe, kila mara, hata kama ni kidogo, hata kama ni sikukuu. Mtoto alilia alipochomwa. Mama yake alimfuta machozi akamwambia alie tu.

Tulitoka jua limepanda. Barabara ilikuwa na magari mengi na mtoto alikuwa amenilalia begani, mzito. Wifi akanishika mkono tukavuka, na tulipofika upande wa pili akauachia.